Mava ya Wageni

Msafiri atokaye Emali akapanda kuelekea Matiliku, akiisha kuiacha nyuma yake ghasia ya malori ya barabara ya Mombasa, huliona jabali la Nzaui kabla hajaambiwa jina lake. Limesimama pweke, uso wake umekatika wima mithili ya ukuta wa ngome, na chini yake yametandaa mashamba ya mahindi, mbaazi na miembe ya watu wa Makueni. Huko Nzaui alizikwa, mwezi wa Desemba mwaka 1896, kijana mmoja mzaliwa wa Glasgow aliyelelewa Marekani, jina lake Peter Cameron Scott, umri wake miaka 29. Kaburi lake lingalipo. Waumini wa Africa Inland Church, kanisa lililochipuka katika kazi yake, huenda kulitazama kwa taadhima ile ile waliyo nayo watu wa pwani waendapo kuzuru maziara ya masharifu wao, ijapokuwa nadhani pande zote mbili zingeukataa ulinganifu huo.

Nilikuwa nimekusudia kuandika habari za mava ya kale ya mji mmoja, kama yalivyo mava ya Lamu au ya Mombasa, ambako mtu aweza kuketi juu ya ukuta wa matumbawe akafuata nasaba ya ukoo mzima kwa kuyasoma makaburi tu. Lakini Ukambani haukunipa mava ya namna hiyo. Nchi hii ya Kitui na Makueni haina mji wa kale uliokua pamoja na makaburi yake. Yaliyo ya kale yametawanyika, na kila nililolifuata lilinirudisha kwenye njia ile ile moja, njia ya misafara iliyotoka Mombasa, ikakata nyika ya Taru, ikavuka Tsavo, ikapumzika Kibwezi na Makindu, ikafika Nzaui kutafuta chakula, kisha ikapanda kwenda Machakos na bara ya mbali. Atakaye kuyasoma mava ya Ukambani hana budi kuyasoma kwa urefu, kama mtu akunjuaye hati ndefu sakafuni akaiendea kwa magoti.

Scott alikuwa amekwisha kuonana na mauti kabla ya kufika huku. Miaka michache nyuma alifanya kazi Kongo pamoja na ndugu yake John. Ndugu yule hakudumu ila miezi michache, na Peter ndiye aliyemchimbia kaburi. Yeye mwenyewe alirudi Uingereza hali maradhi yamemwangusha, na huko London, katika kanisa la Westminster, alipiga magoti penye kaburi la David Livingstone, akaondoka pale amefunga nia ya kurudi Afrika. Oktoba 1895 alishuka Mombasa na wenzake saba, na kabla ya mwaka ule kwisha walikuwa Nzaui. Katika muda wa mwaka mmoja walifungua vituo vinne, Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo, ambavyo vitatu vya kwanza vimo katika Makueni ya leo. Scott alitembea kwa miguu maelfu ya maili baina ya vituo hivyo na nchi jirani, hata homa ya mkojo mweusi ikamkatiza. Wenzake, baadhi walikufa na wengine wakarudi makwao, ikafika wakati ambapo katika kundi lile la kwanza alisalia mmoja tu, Willis Hotchkiss. Mwaka 1903 misheni ikahamishia makao yake makuu Kijabe, kwenye baridi, na kaburi likabaki Nzaui na majirani ambao hawakuwa na desturi ya kuishi karibu na kaburi.

Maana Wakamba wa siku zile hawakuwa watu wa makaburi. Gerhard Lindblom, mtaalamu wa Uswidi aliyekaa Ukambani mwanzoni mwa karne iliyopita na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1920, ameyaeleza yale ambayo wazee wenyewe hawakuyaficha: mtu wa makamo na hadhi alizikwa, na wengine aghalabu walipelekwa porini wakaachiwa fisi. Mtu wa pwani, aliyekulia katika desturi ya kumkosha maiti, kumvika sanda, kumlaza katika mwanandani na kumfunika kwa kiunza, akisikia habari hii husisimkwa; wala si yeye peke yake, kwani wamisionari waliiandika kwa ikrahi. Nami nilisisimkwa, nisiseme uongo, mpaka nilipojiuliza ni kitu gani hasa walichokipeleka porini. Walipeleka mwili. Marehemu mwenyewe walibaki naye nyumbani: walimwita iimu, na wingi wao aimu, wakammwagia pombe kidogo na kumtengea chakula, wakapeleka shida za nchi nzima penye ithembo, mahali pa ibada chini ya miti mikubwa ambayo hakuna aliyethubutu kuikata tawi. Na jina la babu alipewa mjukuu. Hivyo katika boma la Mkamba, aliyekufa aliitwa kila siku, mara kumi na mara ishirini: aje kula, awafuate mbuzi, aache kulia. Sijui ni jiwe gani la marumaru lipatalo kuitwa jina lake mara nyingi kiasi hicho.

Mwana wa Mulango, karibu na mji wa Kitui, ndiye aliyelitolea jambo hili falsafa. John Mbiti, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki Uswisi mwezi wa Oktoba 2019, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, kitabu alichokiandika kwa Kiingereza, aliyachukua maneno mawili ya lugha yetu, sasa na zamani, akayapa kazi ambayo sisi wenye lugha tulikuwa hatujayapa. Aliyekufa, kwa maelezo yake, hubaki ndani ya Sasa maadamu yuko hai mtu anayemkumbuka kwa jina. Akiisha kufa wa mwisho aliyemjua, ndipo huzama katika Zamani, akachanganyika na mizimu isiyo na majina. Wako wanafalsafa waliomshambulia Mbiti kwa yale aliyoyasema juu ya Mwafrika na wakati ujao, na katika hilo naona walikuwa na hoja. Lakini katika hili la majina nadhani alisema kweli aliyoiona kwao kwa macho yake. Mulango yenyewe ilikuwa misheni ya Walutheri wa Leipzig, kama Ikutha kabla yake, mpaka vita vya 1914 vikawaondoa Wajerumani na watu wa Africa Inland Mission, warithi wa Scott, wakashika mahali pao. Kwa hiyo hata Mbiti, kwa njia ya kuzunguka, ni mtoto wa kaburi la Nzaui.

Kwa mizani hiyo ya Mbiti nawaomba wasomaji tuipime ile njia, hatua kwa hatua.

Kibwezi, penye chemchemi na mibuyu, vilima vya Chyulu vikiwa upande wa machweo, ndiko Waskoti walikojenga misheni yao mwaka 1891 chini ya uongozi wa Dk. James Stewart, kwa fedha za wakurugenzi wa Kampuni ya Imperial British East Africa. Maji ndiyo yaliyowavutia na maji ndiyo yaliyowaponza, kwa kuwa mbu huyapenda kama msafiri ayapendavyo. Homa ikawaandama hata mwaka 1898 misheni ikahamishwa Kikuyu, na waliokufa wakaachwa. Katika watu wa misheni ile alikuwamo mmoja ambaye hakupata hata kaburi la kuachwa: Dk. David Charters, tabibu, alitoka na mwenzake mmoja kwenda kuwinda porini, wasionekane tena. Mtu huyu asiye na kaburi jina lake tunalo, na sababu ya kuwa nalo ni nyepesi mno: alikuwa na watu wa kumwandikia barua na kuulizia habari zake.

Sasa niwaulizie wengine. Kila mzigo uliofika Kibwezi na Nzaui kabla ya reli, Biblia na misumari, kwinini na vioo, na mbao ambazo pengine zilikuja zikiwa sanduku la bidhaa zikaishia kuwa jeneza, ulikuja juu ya kichwa cha mtu. Wengi wa watu hao walikuwa wetu, Waswahili wa Mombasa na wa Unguja, pamoja na Wanyamwezi na Wamijikenda na watu wa makabila mengine ya njiani, walioandikishwa kwa mshahara wa mwezi na kupewa kibaba cha chakula kwa siku. Aliyeshindwa njiani alizikwa upesi na wenzake, kwa sala fupi na talakini ikiwa yupo aliyejua kuisoma, kisha msafara ukaendelea kabla udongo haujakauka, maana maji yalikuwa mbele wala si nyuma. Kaburi la namna hiyo hufukiwa na msimu mmoja wa mvua. Nyumbani kwake, Ng'ambo au Kisauni, mkewe alingoja, akaona misafara mingine inarudi, akauliza, na mwisho akaambiwa. Kama alisomewa hitima, ilisomwa bila kaburi.

Kisha ikaja reli. Baina ya 1896 na 1901 vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Waliokufa katika kazi walihesabiwa 2,493, na hesabu hii twaijua hata mtu wa mwisho kwa sababu walikuja kwa mkataba, na mkataba una daftari. Waafrika waliokufa katika kazi ile ile hawakupata daftari la uangalifu kama huo. Ukiyapita mabaki ya reli ile leo, au ukipita juu kidogo katika treni mpya iliyoanza kusafirisha abiria mwaka 2017, vituo vyenyewe hukusomea orodha ya ajabu. Mtito Andei, kwa Kikamba, ni msitu wa tai, jina lililokuwako tangu enzi ya misafara na ambalo halihitaji mfasiri kwa mtu aliyekwisha kuambiwa habari za fisi. Sultan Hamud ni jina la Sultani Hamud bin Muhammed wa Unguja, aliyekuja mwaka 1898 kuitazama reli ilipofikia. Alikufa mwaka 1902, na leo utingo wa matatu hulitaja jina lake mara nyingi kuliko walitajavyo wasomi wa tarikhi. Na hapo Kima, Juni 1900, simba aliingia katika behewa akamtoa C. H. Ryall, mkuu mmoja wa polisi wa reli. Mwili wake ulichukuliwa Nairobi ukazikwa huko, na behewa lenyewe limehifadhiwa katika makumbusho ya reli. Vibarua walioliwa Tsavo mwaka 1898 hutajwa kwa jumla tu, wakibishaniwa idadi. Ama simba wawili waliowala, hao wamekaushwa, wamesimamishwa, na watu hulipa kwenda kuwatazama Chicago.

Lakini Makindu hapafanani na vituo vingine. Makalasinga waliofanya kazi ya reli walikuwa na mahali pao pa ibada hapo, na hekalu la leo lilijengwa mwaka 1926. Dini yao huichoma maiti, wala majivu hayajengewi ukuta, kwa hiyo si kazi ya mtu kutafuta makaburi yao. Mgeni wa dini yoyote akiingia pale, akavua viatu na kujifunika kichwa, huandaliwa chai, dengu na chapati bila kuulizwa ametoka wapi, na akichelewa hupewa pa kulala. Chakula kile si cha matanga. Ni amri ya dini yao kwa kila mja aliye hai. Hata hivyo nilipoketi kukila, kati ya dereva wa lori na mama aliyekuwa akimpeleka mtoto hospitali, nilijiona nimeketi katika hitima ambayo haijafungwa kwa karibu miaka mia moja, nikawarehemu moyoni watu ambao sikujua majina yao.

Reli ilipokuwa ikipita, nchi ilikuwa ikifa. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kumalizwa na sotoka, mvua zikakatika, ndui ikaingia, na tangu 1898 hadi 1900 ikawa njaa ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, yaani iliyofika kila mahali. Hapa nakiri kwamba mizani yangu inalemewa. Wafu wa Ngomanisye ni wengi kuliko wote niliowataja, na katika nyumba nyingi hakusalia mtu wa kumpa mtoto jina la aliyekufa, wala mtoto wa kupewa. Jamaa nzima ikiisha, Sasa na Zamani huwa siku moja. Hawakuandikwa juu ya jiwe wala katika majina ya wajukuu. Waliandikwa katika kalenda, kwa kuwa Wakamba huihesabu miaka yao kwa majina ya njaa, na mzee ukimwuliza umri wake hukutajia yua, yaani njaa, aliyozaliwa. Njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliiita Nikw'a Ngwete, ninakufa nikiwa nimeshika, kwa sababu fedha zilikuwa mkononi na chakula cha kununua hakikuwako. Nimesoma maombolezo mengi yenye beti nyingi yasiyofikia maneno mawili hayo.

Nisidhaniwe kuwa nimeisahau Kitui kwa kuambatana na reli. Kitui ilitangulia. Mfanyabiashara mkubwa wa pembe, Kivoi, ambaye misafara yake ilikuwa ikishuka hadi pwani muda mrefu kabla Mzungu hajathubutu kupanda, ndiye aliyempokea Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na ni kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka ule, Krapf alipouona mlima wenye theluji ambao jina lake limekuwa jina la nchi yetu nzima. Mwaka 1851 walitoka pamoja kuelekea mto Tana. Wakashambuliwa njiani, Kivoi akauawa, na Krapf akatoroka peke yake porini, akichukua maji katika mtutu wa bunduki kwa kukosa kibuyu. Rosine, mke wa Krapf, aliyekufa mwaka 1844 muda mfupi baada ya kufika Mombasa, ana kaburi lake upande wa Nyali, pamoja na mtoto wake mchanga, na watu huonyeshwa. Kivoi, ambaye bila yeye Krapf asingalifika popote, alilala alipoangukia. Lakini ingia Kitui leo ukaulize. Jina lake hawakulisahau, na wako vijana waliopewa jina hilo.

Kundi la mwisho ni lile linalonikosesha usingizi. Vita vilipozuka mwaka 1914, watu wa Ukambani walichukuliwa kwa wingi, wengine kuwa askari wa King's African Rifles (KAR) na walio wengi zaidi kuwa wapagazi wa jeshi, Kariakoo, kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika nchi ya Wajerumani. Walikufa kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa, zaidi kuliko kwa risasi. Masanamu yalisimamishwa Nairobi na Mombasa kwa heshima yao kwa jumla. Majina hayakuandikwa, ilhali afisa aliyekufa nao siku moja aliandikiwa jiwe. Ilipofika Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilichapisha taarifa ikikiri jambo hili waziwazi: watu wasiopungua 116,000, na pengine wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kariakoo ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni masoko leo. Watu huenda kununua vikapu na viazi ndani ya jina la maiti zao.

Siku hizi Wakamba wamekuwa watu wa makaburi kuliko hata sisi. Kila mji wa watu, Mbooni hata Mwingi, una makaburi yake kando ya nyumba, ya saruji na vigae, yenye picha na tarehe. Na tangu ile kesi ya kugombania mazishi ya S. M. Otieno ya mwaka 1987, iliyouzuia mwili kuzikwa kwa miezi mitano, hakuna Mkenya asiyejua jinsi watu wanavyoshika kuzikwa kwao. Sina neno baya juu ya vigae. Ila shamba huuzwa, na hatimiliki haitaji kaburi. Naye mnunuzi wa tatu, mwenye trekta, hana sababu ya kujua ni nani amelala chini ya mchongoma ule. Ama makaburi ya kale ya njiani, Katiba ya 2010 imeyakabidhi makaburi mikononi mwa serikali za kaunti, katika jedwali lake la nne, mstari mmoja pamoja na nyumba za maiti. Kaunti za Kitui na Makueni zina maafisa wa ardhi, wa afya na wa utamaduni. Siamini kuwa ni kazi kubwa kwao kuandika orodha ya mava ya kale yaliyomo katika mipaka yao, kuanzia Nzaui na Kibwezi, na kuibandika mahali watu watakapoiona.

Lakini orodha ya serikali itaanza na majina yaliyokwisha kuandikwa. Yale mengine yako kwenu. Kwa hiyo nakuomba, msomaji wa Kitui au wa Makueni: ikiwa katika ukoo wenu yuko aliyekwenda Kariakoo asirudi, mwulize mzee aliyebaki akutajie jina lake kamili, jina la babaye, mbai yake, yaani ukoo wake, na yua aliyozaliwa, uyaandike katika daftari, na nakala moja uipeleke katika maktaba ya mji ulio karibu nawe. Wala usingoje likizo ya Desemba.